Siku Kambi Mawe Ilipojiezua

Tingatinga la masikioni halibomoi nyumba. Mmenisikia nikimwambia jirani yetu Semkiwa maneno hayo leo asubuhi, alipokuja kunieleza eti anauza mbuzi wake wote kwa kuwa amesikia malisho yatafungwa. Amesikia kwa nani? Hajui. Nanyi mkacheka, kisha mkaanza kuulizana tingatinga linaingiaje masikioni mwa mtu. Haya, vuteni mkeka. Msemo huo ulizaliwa hapa hapa Kambi Mawe, na mimi nilikuwapo, ingawa nilikuwa kitandani.

Zamani hapa palikuwa kambi ya manamba, watu walioletwa kutoka mbali kuja kukata mkonge. Baba yangu alikuwa mmoja wao. Shamba lilipokufa, mwenye shamba aliondoka bila kuwalipa haki zao. Aliwaambia wabaki na nyumba hizi za mawe, ndiyo malipo yao. Aliwaambia kwa mdomo tu, akapanda gari akaenda zake. Wakakaa. Wakazaa, wakajenga nyumba nyingine za udongo pembeni, wakaziezeka bati, wakazika wazee wao ng'ambo ya korongo. Miaka ikapita, serikali ikasema shamba lile lilikwisha kurudi mikononi mwake siku nyingi, inataka kujenga maghala, na sisi ni wavamizi, tubomolewe. Tukaenda baraza la ardhi.

Neno wavamizi lilituuma, lakini lilikuwapo lililouma zaidi. Wakili wa serikali alisema mbele ya baraza kwamba Kambi Mawe haikaliwi na mtu. Eti sisi tuna makwetu mjini, hapa tumesimamisha vibanda tu ili vikibomolewa tulipwe fidia. Mwenyekiti wa baraza alikuwa mama mmoja mtulivu, Bi. Mbelwa. Alisema jambo hilo hataliamua kwa maneno, atakuja mwenyewe kuona kama watu wanaishi au hawaishi. Akataja siku ya Alhamisi. Kesi nzima ikaegemea hapo. Akikuta watu ndani ya nyumba zao, tuna la kusema. Akikuta magofu, tumekwisha.

Wiki hiyo mimi nilikuwa mzazi. Nilikuwa nimerudi kwa mama yangu Nyamizi kujifungua mtoto wa kwanza, ndiye baba yenu Mrisho huyo anayejifanya mkubwa sasa. Desturi mnaijua: mzazi hatoki nje kabla ya arobaini, na kitoto hakipigwi jua wala upepo. Nilikaa chumba cha ndani nikinyweshwa uji wa pilipili manga na kukandwa maji ya moto hadi machozi yananitoka. Mambo ya nje niliyapata kwa dirisha dogo na kwa mdomo wa mama.

Jumanne asubuhi tukasikia mngurumo upande wa njia panda. Ulikuwa mzito, wa kukoroma, unanyamaza kidogo kisha unaanza tena. Wa kwanza kupita mbio alikuwa Sekiboko, fundi baiskeli. Sekiboko alikuwa mtu mwema sana, ila habari haikuweza kulala tumboni mwake. Alipita akitangaza kwamba tingatinga limefika, ameliona kwa macho yake. Baadaye alikiri kwamba aliona vumbi.

Sasa lazima mfahamu thamani ya bati. Udongo unachimba bure, miti unakata porini, lakini bati unanunua mojamoja, mwaka huu na mwaka ujao, mpaka mvi zinakutoka. Tingatinga likipita juu yake linakuwa chapati. Kwa hiyo mtu akisikia bomoabomoa, kwanza anaokoa bati, halafu mlango, halafu dirisha. Kabla jua halijafika utosini, Kambi Mawe yote ilikuwa inalia kwa misumari kung'olewa, wanaume wako juu, wanawake chini wanapokea. Mikokoteni ikapeleka mabati kwa ndugu, kijiji cha pili. Sekiboko hakuwa na ndugu huko. Alimkuta mnunuzi wa vyuma chakavu njiani akamwuzia yake yote kwa bei ya kutupa, akisema heri nusu shari kuliko shari kamili.

Wakaja kwetu. Mama alikuwa anakoroga uji wangu. Majirani wakamwambia wamekuja kumsaidia kuezua, asijicheleweshe. Akawajibu kuna mzazi ndani. Wakasema mzazi atahamishwa. Mama akawauliza ahamishiwe wapi, ikiwa nyumba zote wamekwisha kuzifanya uwanja. Wakamwacha, wakakimbilia mabati yao.

Msidhani mama yangu hakuogopa. Nilisikia harufu ya uji ukiungua, naye alikuwa amesimama juu yake. Na mimi ndiyo usiseme, nilikuwa nalia nikimsihi tuondoke. Aliniwekea mtoto kifuani, akajifunga kanga ya pili kiunoni.

"Tatu, naenda kuliona," aliniambia. "Likiwa la kwetu, nitarudi nikubebe mgongoni."

Akaenda kwa miguu mpaka njia panda. Mtu mzima, mjane, peke yake. Yaliyotokea huko alinisimulia mara nyingi, na kila mara alicheka mahali pale pale. Tingatinga lilikuwapo kweli, jekundu, limeegeshwa kando ya barabara. Dereva, kijana aitwaye Mwinjuma, alikuwa amekaa kwenye kivuli chake akila mihogo ya kuchemsha.

"Shikamoo, mama. Karibu mihogo."

"Marahaba, mwanangu. Nitakula, lakini nijibu kwanza. Utaanza na nyumba ya nani?"

"Nyumba?" Kijana aliacha kutafuna. "Mimi nimeletwa kuchimba lambo, bwawa la kunyweshea ng'ombe, huko bondeni. Tangu asubuhi mtambo unanizimikia njiani. Nyumba gani tena?"

"Za Kambi Mawe."

"Kambi Mawe yenyewe hata siijui iko wapi, mama."

Mama alikaa chini hapo hapo. Kisha akachukua kipande kikubwa cha muhogo, akala huku akicheka peke yake, mpaka yule kijana akaanza kuingiwa na wasiwasi.

Aliporudi aliwakuta watu wamekaa nje juu ya magodoro, na kuku wamefungwa miguu. Akawapa habari. Hakuna aliyeshangilia. Kila mtu alitazama nyumba yake, akaona mbingu mahali palipokuwa na paa. Ndipo mtu mmoja akaikumbuka Alhamisi. Bi. Mbelwa alikuwa anakuja kutafuta magofu, na magofu tulikuwa tumemtengenezea wenyewe, bila serikali kunyanyua kidole.

Jumatano ukapigwa msaragambo, kazi ya mikono ya wote, ambao sijapata kuona mwingine. Hakuna aliyebaki kando, mzee kwa kijana. Mikokoteni ilirudi na mabati yamechanganyika, huyu kapata la yule, tundu za misumari haziingiliani. Mama alizunguka na sufuria ya uji akiwagawia waliokuwa juu, na kuwatania pia, maana alikuwa hana simile. Hata hivyo, Alhamisi ilitukuta nyumba nyingine zimeezekwa nusu tu, na ya Sekiboko iko wazi kabisa.

Bi. Mbelwa akaja na yule wakili. Wakili hakuwa mjinga. Aliinua macho, akaona misumari inametameta.

"Mheshimiwa, haya yamegongewa jana," alisema. "Niliwaambia hapa hapana mkazi."

Angetusingizia, tungemjibu. Tatizo alikuwa anasema kweli. Nilimkumbatia mwanangu nikijua sasa ndiyo basi, nitamlelea barabarani. Sekiboko akaanza kueleza habari za upepo mkali uliopita juzi ukaezua nyumba. Bi. Mbelwa akamgeukia mama yangu.

"Ni upepo, mama?"

"Hapana, mheshimiwa. Upepo haukupita. Tulisikia tingatinga tukadhani ni la kwetu, tukaezua wenyewe. Kumbe lilikuja kuchimba lambo."

Wakili alicheka kidogo. Bi. Mbelwa hakucheka.

"Na wewe mbona hukuezua?"

"Nina mzazi ndani."

Bi. Mbelwa akavua viatu akapiga hodi. Aliingia mpaka mlangoni pa chumba changu, akaona ubani unafuka, masizi ya miaka yamejaa darini, na mimi nimejifunika mpaka puani kwa aibu. Aliuliza jina la mtoto, nikamwambia, akasema Mungu amkuze. Kisha akatoka nje, na maneno aliyoyasema huko niliyasikia vizuri kwa dirisha langu.

"Wakili, mtu aliyejenga kibanda ili kibomolewe alipwe fidia, akisikia tingatinga hufanya nini?"

"Hulisubiri, mheshimiwa."

"Na hawa walifanya nini?"

Wakili akafunga jalada lake. Bi. Mbelwa akavaa viatu vyake.

Uamuzi ulitoka baada ya mavuno. Tubaki. Maghala yajengwe ng'ambo ya barabara, kwenye mkonge mtupu, na nyumba zetu zipimwe, kila mwenye nyumba apewe hati. Wajukuu zangu, sijui niwaelezeje. Tulikuwa tumeishi miaka kama mtu aliyebeba ndoo kichwani asiyeruhusiwa kuitua. Siku ile tuliitua. Mama yangu alilala mchana, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya, na hatukumwamsha.

Alipoamka tukapika, kambi nzima chungu kimoja. Sekiboko alikuja na sahani yake. Nyumba yake ilikuwa bado imefunikwa nyasi, inavuja kila pembe. Mama akampakulia, akamwambia mbele ya watu:

"Sekiboko, tingatinga la masikioni halibomoi nyumba."

"La kwangu limebomoa, Mama Tatu. Nenda kaangalie."

"Lile lilikuwa linachimba lambo, baba. Nyumba yako uliibomoa wewe, na nyundo uliazima kwangu."

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu, na Sekiboko akacheka kuliko wote, kwa sababu alikuwa na pa kuchekea, kiwanja ni chake. Wiki ile ile kila nyumba ikatoa bati moja, akaezekewa paa lenye kila rangi ya kutu.

Tangu hapo, mtu akipita mbio na habari, huyo huyo Sekiboko ndiye aliyekuwa akimsimamisha na kumwuliza, "Umeliona, au umelisikia?" Wengi walikuwa wamesikia. Basi akawaambia alichokuwa ameambiwa, na akaongeza neno lake, naye alikuwa na haki ya kuliongeza: tingatinga la masikioni halibomoi nyumba, mwenye nyumba ndiye huibomoa.