Mbwa wa Nakunda na Fisi wa Siku Moja

Paukwa!

Pakawa!

Palikuwa na nini? Palikuwa na mlango. Na mlangoni? Mtoto wa mbwa. Na chini ya mtoto wa mbwa? Maji! Jamani, hayo si maji. Vuteni nguo zenu zisiguse chini, kaeni, nisimulie.

Hapo zamani, zamani za kale, wanyama walipokuwa wakibisha hodi na watu wakiwakaribisha, alikuwapo mwanamke kijana jina lake Nakunda. Nakunda alikuwa mzazi, mtoto wake wa kwanza hata shingo haijakaza. Mumewe alikuwa amekwenda mbali kutafuta chumvi, na kabla hajaondoka alimletea mtoto wa mbwa ndani ya kikapu.

"Huyu anaitwa Mlinzi," alisema. "Atakulinda."

Atakulinda! Mlinzi mwenyewe alikuwa mkubwa kama boga dogo, tumbo linaburuza chini, na jani likianguka anakimbilia nyuma ya miguu ya Nakunda.

Lakini Nakunda alimhitaji. Kila asubuhi alipofungua mlango alikuta nyayo za Fisi zimeizunguka nyumba, zimekwenda, zimerudi, zimesimama mlangoni, zimekwenda tena. Ndugu wawili wa Mlinzi walikuwa wameliwa na Fisi huyo huyo, hata mfupa haukuonekana. Kwa hiyo Mlinzi hakuweza kulala nje. Alilala ndani, na humo ndani, jamani, humo humo ndani ndimo alimofanyia yote.

Akiamka, anakojoa. Akila, anakwenda haja kubwa. Mtoto akilia, Mlinzi anashtuka, anakojoa. Mtoto akinyamaza, Mlinzi anafurahi, anakojoa.

"Mlinzi!" Nakunda anapiga kelele. "Tena?"

"Tena, Mama," anajibu Mlinzi, mkia unatikisika.

Nakunda anamwaga majivu, anafagia, anafuta, anageuka kumbeba mtoto, anageuka tena, tayari!

Siku moja akaja mavyaa wake, yaani mama wa mumewe, kumtazama mjukuu. Hakuvuka hata kizingiti. Alisimama, akashika pua.

"Nakunda, hii ni nyumba ya mzazi au zizi?"

"Ni mbwa, Mama. Bado mdogo."

"Mdogo! Mimi nimelea watoto sita, hakuna hata mmoja aliyenilowesha sakafu."

"Hata mume wangu, Mama?"

"Huyo usimtaje." Mavyaa akakohoa. "Sikiliza, mkwe wangu. Mwezi ukiandama nitarudi. Nikinusa mkojo humu alimolala mjukuu wangu, mbwa huyo atalala nje, na nitamtoa kwa mkono wangu mwenyewe."

Nje! Nakunda alitazama nyayo za Fisi pale mavumbini, akamtazama Mlinzi. Mbwa akilala nje, kutakucha hayupo. Na mbwa asipokuwapo, Fisi atagonga mlango wa nani?

Akatoka akatafuta ushauri. Akamkuta Paka juani, anajilamba.

"Paka, mbwa wangu ananiua. Nifanyeje?"

"Siku saba tu," alisema Paka bila kuinua kichwa. "Mfundishe kufukia. Mimi mama yangu alinionyesha mara moja, nikajua. Lakini ndiyo hivyo, sisi ni sisi na mbwa ni mbwa."

Nakunda akarudi, akamfundisha Mlinzi kufukia. Mlinzi alifurahi sana! Alichimba karibu na jiko, akafukia. Alichimba chini ya kitanda, akafukia. Alichimba katikati ya nyumba, akafukia. Na kwa kuwa mbwa hafukii kitu ila aje akifukue, asubuhi alizunguka shimo hadi shimo, akafukua yote, akayapanga mbele ya Nakunda.

"Yote yapo, Mama! Hakuna kilichoibiwa."

Siku saba zikaisha. Sakafu ilikuwa mashimo matupu, na Nakunda aliteguka mguu kwenye la jikoni.

Akatoka tena, anachechemea, akamkuta Kuku.

"Kuku, nifanyeje?"

"Siku tatu!" Kuku akatoa macho. "Siku tatu tu, mwenzangu! Mdonoe! Akikosea, mdonoe kichwani. Mimi vifaranga wangu kumi na wawili wote wana adabu, kwa nini? Nawadonoa! Usafi ni kitu cha kwanza, mimi uchafu siuwezi kabisa." Na akisema hayo akainua mkia, akaacha lake palepale kizingitini, akaendelea kusema.

Nakunda hakuwa na mdomo wa kudonolea, akachukua ufito. Siku ya kwanza akamchapa Mlinzi, Mlinzi akalia. Siku ya pili akamchapa, Mlinzi akalia. Siku ya tatu akaamka, akatazama huku, akatazama kule, sakafu kavu! Jikoni kukavu! Chini ya kitanda kukavu! Nakunda akapiga vigelegele peke yake.

Lakini nyumba inanuka. Mbona inanuka? Akainama, akanusa, akafuata pua yake mpaka nyuma ya mtungi wa maji. Huko, jamani. Huko nyuma ya mtungi, na ndani ya ungo, na ndani ya kiatu cha mumewe. Mlinzi hakuwa amejifunza usafi, alikuwa amejifunza kujificha.

Nakunda akaketi chini. Ufito ukamtoka mkononi.

"Mlinzi, nieleze, nieleze tu nijue. Kwa nini unafanya hivi? Kwa nini humu ndani?"

Mlinzi akatoka chini ya kitanda, masikio yamelala.

"Mama, usinichape?"

"Sikuchapi. Sema."

"Siku ya soko ulileta kinyesi cha ng'ombe, kibichi, kinatoa moshi. Ukakisiriba sakafuni kwa mikono yako miwili, pembe hadi pembe. Jirani akaja akasema, 'Lo, Nakunda, sakafu yako inapendeza!' Ukacheka, ukafurahi. Mimi nikasema, Mama anafanya kazi kubwa peke yake, anabeba kinyesi kutoka mbali. Acha nami nimsaidie. Nimekusaidia kila siku, Mama. Ndipo ukanichapa."

  Nakunda alitaka kucheka, alitaka kulia, na alitaka sana kumrusha mtu nje ya dirisha, lakini hakujua amrushe nani. Siku kumi! Siku kumi amefagia na kuchapa, na hakuna hata siku moja aliyomwambia mbwa mahali penyewe ni wapi.

"Mlinzi," alisema polepole, "cha ng'ombe ni cha sakafu. Chako ni cha nje."

"Nje wapi?"

Akambeba, akampeleka nyuma ya nyumba penye migomba. "Hapa."

"Hapa?" Mlinzi akanusa. "Basi nimejua!"

Nakunda akashukuru. Wakarudi ndani. Mlinzi akavuka kizingiti, akasimama katikati ya nyumba, akakojoa.

"Mlinzi! Tena? Si umesema umejua?"

"Kujua nimejua, Mama," alisema Mlinzi, naye mwenyewe ameshangaa. "Kuweza ndiko bado."

Basi ikawa kazi. Mlinzi akiamka, Nakunda anambeba mpaka migombani. Akila, migombani. Akicheza kidogo, migombani. Mgongoni mtoto amelowa, mikononi mbwa anadondosha, uji jikoni unaungua, na Nakunda anakimbia, "Subiri, subiri, subiri!" Na mbwa hasubiri.

Leo mara sita ndani. Kesho mara nne. Nakunda anasema ahaa! Keshokutwa mara saba. Siku mbili kavu kabisa, Nakunda anaimba, halafu siku ya tatu Mlinzi anapanda kitandani, anajikunyata, anakojolea mto. Anasema ameota yuko migombani.

Zikabaki siku tatu mwezi uandame. Nakunda alikaa chini kando ya jiko, adhuhuri, hajala, hajalala, nywele hazijaona kitana. Akalia. Mtoto akamsikia, akalia. Mlinzi akawaona wote wawili wanalia, naye akalia, na alipolia akakojoa.

"Hodi wenyewe!"

Nani huyo? Mlangoni alisimama Fisi. Ameoga, amejipaka mafuta, miguu ya mbele ameikunja kwa adabu.

"Hongera, mama mzazi. Nimesikia umepata mtoto. Ni mnono?"

"Unataka nini, Fisi?" Nakunda alimkumbatia mtoto mpaka mtoto akaguna.

"Mimi? Mimi sitaki kitu. Nimesikia kilio nikasema, masikini, jirani yangu anateswa na mbwa. Umemuuliza Paka, akakudanganya siku saba. Umemuuliza Kuku, akakudanganya siku tatu. Mimi nitamfundisha kwa siku moja."

"Siku moja?"

"Jua likizama leo, kazi imekwisha. Nakuapia hutaifuta tena sakafu yako. Ila mwalimu hatazamwi. Nenda kisimani, ukae hukohuko mpaka jioni. Na huyo mtoto mlaze hapo mkekani, asikulemee njiani."

Mnasema Nakunda alikuwa mjinga? Hakuwa mjinga. Alijua Fisi ni Fisi. Lakini aliyechoka hasikii harufu ya fisi, anasikia neno moja tu: siku moja. Sakafu kavu. Mavyaa aje, anuse, anyamaze. Na alale, walau alale kidogo. Mkono wake ulimshika Mlinzi shingoni, ukamsogeza mbele, kidogo, kidogo tena.

"Utamfundisha kwa njia gani?" aliuliza. "Kwa fimbo?"

"Fimbo! Mimi hupiga mtu? Kwa subira, mama mzazi. Subira yangu haina mwisho." Na Fisi akavuka kizingiti, akaweka mguu ndani.

Mlinzi akatazama juu, akaona meno ya yule aliyewala ndugu zake. Akatetemeka kuanzia masikio mpaka mkia. Na akafanya lile alilolijua: akakojoa, juu ya mguu wa Fisi, ule uliopakwa mafuta.

"Ah," alisema Fisi. "Si kitu. Ni mtoto."

Mkojo ukaendelea.

"Si kitu, nimesema..."

Ukaendelea.

"Mshenzi wewe! Nitakumeza na manyoya yako!" Fisi akaachama, na Nakunda akayaona meno yote mpaka ya mwisho. Subira isiyo na mwisho ilikwisha kabla mkojo haujapoa!

Nakunda hakufikiri. Alinyakua chungu cha uji jikoni, unachemka, akamwaga wote kwenye pua ya Fisi. Fisi akapiga ukelele uliosikika mpaka ng'ambo ya mto, akakimbilia mlangoni, akagonga kiuno kwenye mwimo, akatoka, na mpaka leo anatembea kiuno kimeshuka. Na Mlinzi, aliyekuwa hajawahi kubweka maishani mwake, akabweka. Sauti yenyewe ilikuwa kama mlango mbovu, lakini alibweka mpaka vumbi la Fisi likapotea.

Nakunda akatazama sakafu. Uji, mkojo, mafuta ya Fisi. Akamtazama Mlinzi.

"Haya," alisema, akambeba. "Twende migombani."

Siku ya tatu mwezi ukaandama, na asubuhi yake mavyaa akaja. Safari hii alivuka kizingiti. Akanusa jikoni. Akanusa nyuma ya mtungi. Akainua hata mto.  Mavyaa hakunusa mkojo popote, na jambo hilo halikumpendeza, akakaa.

Mara Mlinzi akainuka. Akazunguka. Nakunda akafumba macho. Basi tena, amekwisha mbwa wangu! Lakini Mlinzi akaenda mlangoni, akakwaruza ubao, akalia kidogo.

"Ana nini huyo?" aliuliza mavyaa.

"Anataka nje, Mama. Anaomba."

 Bibi kizee akainuka mwenyewe, magoti yanalia, akaondoa komeo, akafungua mlango.

"Haya, baba. Nenda."

Mlinzi akaenda migombani, akarudi, akalala miguuni pa mtoto.

"Imechukua muda gani?" mavyaa aliuliza.

"Mwezi mzima, Mama. Na bado."

"Bado?"

Kweli ilikuwa bado. Kesho yake Mlinzi alikojolea mkeka wa mavyaa, katikati kabisa. Bibi alifungua mdomo. Akamtazama mbwa, akamtazama Nakunda aliyesimama na mtoto mgongoni.

"Leta kitambaa," alisema. "Shika huku, mimi nishike huku."

Basi, wasikilizaji wangu, mafunzo ni haya: kujua ni kwa siku moja, kuweza ni kwa miezi. Mwonyeshe mwanafunzi njia kabla hujamwonyesha fimbo. Na anayekuahidi kuimaliza kwa siku moja kazi ya miezi, mtazame meno kwanza.

Ngano yangu imefika kizingitini. Pakavu pake chukueni mwende napo, palipolowa niachieni, nitapafuta mwenyewe.