Aliyefungwa Abaki Kitini

Hadithi hii ni fupi. Isome ukiwa umetulia, kisha mtumie mtu unayemfahamu anayeongoza kikundi, hata kama ni kikundi cha watu watano.

Katika mji mmoja mdogo wa wakulima wa alizeti, palikuwa na fundi viatu aitwaye Nkuwi. Fundi Nkuwi alipenda drafti kuliko chakula cha mchana. Alianzisha klabu ya drafti kwenye kibaraza cha duka lake, na kila alasiri watu wa sokoni wakimaliza shughuli zao walikuja kucheza.

Klabu ilikuwa na watu kumi na wanne na ubao mmoja. Ubao wenyewe Fundi Nkuwi aliukata kutoka kwenye mlango wa kabati bovu, akachora vyumba kwa rangi ya viatu. Kete zilikuwa vizibo vya soda. Za mchezaji mmoja zililala kifudifudi, za mwenzake zililala chali. Kizibo kikipotea, mtu alikwenda kuomba kingine kwa muuza soda.

Mwanzoni walifuata desturi ya vijiwe vyote: anayefungwa anainuka, anayeshinda anabaki. Baada ya miezi miwili Fundi Nkuwi akagundua jambo. Watu watatu hodari walikuwa wanaukalia ubao kuanzia alasiri hadi jua linazama. Wengine walisubiri saa nzima, wakafungwa kwa dakika tano, wakarudi kusimama. Wanne walikuwa wameshaacha kuja.

Dawa ilikuwa kupata ubao wa pili na wa tatu. Walichangishana, lakini kilichopatikana kilitosha tu rangi ya ubao na benchi moja la kukalia wanaosubiri. Ndipo Fundi Nkuwi akatangaza sheria mpya.

"Kuanzia leo, anayeshinda anainuka. Aliyefungwa anabaki kitini, anamsubiri anayefuata."

Wale hodari watatu walinung'unika. Mmoja akamuuliza tangu lini mtu akaadhibiwa kwa kushinda. Fundi Nkuwi hakuacha kushona kiatu alichokuwa nacho.

"Wewe unajua tayari," alisema. "Ubao ni mmoja. Akae anayeuhitaji."

Katika klabu hiyo alikuwemo dada mmoja muuza karanga, jina lake Nyamizi. Alikuwa mgeni katika mchezo, na hakuna aliyefungwa kama yeye. Kwa sheria ile mpya, basi, hakuna aliyekaa kitini kama yeye. Wakampa jina la Mama Kiti. Walisema ni nafuu kumnunulia mto kuliko kununua ubao wa pili. Nyamizi alicheka nao, akapanga vizibo upya, akamwita anayefuata.

Ng'ambo ya soko palikuwa na klabu nyingine, ya mfanyabiashara mmoja aitwaye Hamduni. Hao walikuwa na mbao nane za mninga, kete za kununuliwa mjini, na fulana za rangi moja. Wao waliendelea na desturi ya zamani, na bingwa wao alikuwa Hamduni mwenyewe. Miaka mitatu hakuna aliyewahi kumwinua kwenye kiti.

Mvua zilipokaribia, Fundi Nkuwi akaanza kukosa raha. Kibaraza chake kilivuja kama chujio. Msimu uliopita klabu ilisimama miezi mitatu kwa sababu ya mvua, na alijua ikisimama tena watu watatawanyika moja kwa moja. Pale sokoni palikuwa na chumba kitupu kilichowahi kuwekwa mashine ya kusaga, chenye bati zima. Akaenda kukiomba kwa mwenyekiti wa soko, Bi. Zamaradi. Alipofika akamkuta Hamduni ameshatangulia, anaomba chumba hicho hicho.

Bi. Zamaradi aliwasikiliza wote wawili. Kisha akasema wacheze mchezo mmoja tu mbele yake, na watakaoshinda watachukua ufunguo.

"Lakini hamtaniletea mtu wenu mnayemtaka," akaongeza. "Kila klabu itawachagulia wenzao mchezaji. Mimi nataka kuipima klabu, sitaki kumpima mtu mmoja."

Jumamosi watu wakajaa mbele ya kile chumba. Hamduni akapewa nafasi ya kuchagua kwanza, wala hakufikiri. Wiki iliyotangulia alikuwa amepita kwenye kibaraza cha Fundi Nkuwi, akajionea mwenyewe.

"Nampa heshima yule dada wa karanga," alisema. "Yule mnayemwita Mama Kiti."

Watu walicheka. Wenzake Nyamizi wakainamisha vichwa, maana jina walikuwa wamempa wao wenyewe.

Ikafika zamu ya Fundi Nkuwi. Wenzake wakamnong'oneza amchague mzee mmoja aliyesimama nyuma kabisa, amevaa fulana ya klabu ya Hamduni, lakini ilijulikana kwamba hata kuzipanga kete husitasita. Fundi Nkuwi alimtazama yule mzee kwa muda, kisha akageuka.

"Namchagua Hamduni."

Mmoja wa wale hodari akamvuta shati. "Fundi, umetuuza."

"Nikimchukua mnyonge wao, tukishinda watasema tumemwonea," alijibu Fundi Nkuwi. "Tulia utazame."

Hakusema kwa kujigamba. Mwaka mzima alikuwa ameshona viatu hatua mbili kutoka kwenye kiti cha Nyamizi, na macho yake hayakuwa kwenye viatu tu.

Mchezo ukaanza kwenye ubao mmoja wa mninga. Hamduni alicheza haraka, huku akiimba kwa sauti ya chini. Akala kete ya kwanza, akala ya pili. Akamwambia Nyamizi asiwe na wasiwasi, akishamaliza atanunua karanga zake zote. Nyamizi akausogelea ubao. Akachukua kete nyingine, akaisukuma taratibu hadi mdomoni mwa kete ya Hamduni. Nyuma yake mtu akaguna kwa uchungu.

Sasa, katika drafti yao, ukiona cha kula huna hiari, lazima ule. Hamduni akala. Alipoiweka kete yake chini akaona imefikia wapi, na wimbo ukakatika.

Nyamizi akaruka moja. Akaruka ya pili. Akaruka ya tatu, kete yake ikatua kwenye mstari wa mwisho kabisa wa Hamduni, ikawa kingi. Kuanzia hapo kete hiyo ilitembea ubao mzima ikila kushoto na kulia, na mchezo haukuchukua muda.

Hamduni aliutazama ubao kama mtu anayetafuta kitu alichodondosha.

"Dada," aliuliza, "mtego huu amekufundisha nani?"

"Hakuna aliyenifundisha," alisema Nyamizi. "Nimefungwa kwa mtego huu mara kumi na saba. Hao hapo nyuma yangu, kila mmoja kanifunga kwa namna yake. Wao walishinda wakainuka, mimi nikabaki na ubao."

Bi. Zamaradi akamwita yule mzee wa nyuma mwenye fulana, akamwamkia, akamuuliza mwaka huu amecheza mara ngapi.

"Mara nne, mwenyekiti," alijibu mzee. "Mbao zipo nane, lakini wanaoshinda hawainuki."

Bi. Zamaradi aliingiza mkono mfukoni. Alitoa ufunguo, akampita Fundi Nkuwi aliyekuwa ameshanyoosha mkono, akamkabidhi Nyamizi. Fundi Nkuwi aliurudisha mkono wake akicheka, na inasemekana hiyo ndiyo siku aliyofurahi kuliko zote.

Mvua kubwa ya kwanza ilinyesha Jumatano. Chumba kilikuwa kikavu, na ule ubao wa mlango wa kabati ulikuwa katikati. Mzee yule akaingia akiwa amejifunika mfuko wa nailoni kichwani, bila fulana ya klabu, akauliza foleni inaanzia wapi. Nyamizi alikuwa ametoka kushinda muda huo huo, kwa hiyo akainuka.

"Shikamoo, babu. Kaa hapa," alimwambia, akimpangia vizibo. "Na ukifungwa, usiinuke."

Funzo: Mkiwa na nafasi chache, msimwachie anayeshinda akalie zote. Mpeni nafasi anayeshindwa, ajifunze kwa kushindwa kwake, naye siku moja atawashindia wote.