Nguchiro na Bakuli la Bi Kobe

"Paukwa!"

"Pakawa!"

"Pakawa nini?"

"Pakawa meza."

"Juu ya meza?"

"Kitambaa."

"Juu ya kitambaa?"

"Kioo."

"Kikianguka, nani kakivunja?"

"Si mimi!"

Eti si mimi. Haya, kaeni vizuri, na wewe uliyejaza karanga mdomoni maliza kutafuna kwanza. Hadithi hii mimi siipendi, mmeing'ang'ania wenyewe. Kila nikiisimulia uso unaniwaka kwa aibu, na ninyi nanyi mtacheka mahali ambapo hampaswi kucheka, subirini tu.

Hapo kale wanyama walishikwa na wazimu wa vioo. Si vioo vya kujitazamia, hapana. Vyombo vya kioo vya zamani: bilauri za rangi, mabakuli, chupa za manukato, vitu vilivyopulizwa na mafundi waliokwisha kufa. Kila mwaka mvua zikikatika walikutana uwanjani kwa maonyesho. Kila mmoja na meza yake, kila meza na kitambaa cheupe, jua linapenya kwenye kioo na kumwaga rangi kitambaani. Wanazunguka, wanasifiana, wanaoneana wivu kidogo, wanarudi makwao.

Walikuwa na sheria moja. Kioo hakipokezwi mkono kwa mkono. Ukitaka kushika cha mwenzio, unaomba. Mwenyewe anakiweka juu ya kitambaa, anaondoa mkono wake, ndipo wewe unakichukua. Kikivunjika hapo, umekivunja wewe, hakuna mjadala. Na uliyemvunjia anakwenda kwenye meza yako, anachagua chombo kimoja, chochote anachotaka, kinakuwa chake moja kwa moja.

Sasa palikuwa na Kiboko. Mnene, mzito, na meza yake ndefu kuliko zote. Wenzake walipekua majalala na kubembeleza wazee ili wapate kichupa kimoja. Yeye alikuja tu na miguu yake. Di, di, di, mpaka kwa Pimbi.

"Weka nishike."

Pimbi anaweka.

"Nimeshika. Nimependa. Naazima."

Huyoo, kaondoka nacho. Di, di, di, mpaka kwa Digidigi.

"Weka nishike."

Digidigi anaweka.

"Nimeshika. Nimependa. Naazima."

Na nani amdai Kiboko? Mdomo ule mmeuona. Di, di, di, mpaka kwa Bi Kobe. Huyu alikuwa mjane, mzee, ana chombo kimoja tu duniani, bakuli la kijani aliloachiwa na marehemu mumewe. Meza nzima ilikuwa ya bakuli hilo. Kiboko akashika, akapenda, akaazima. Bi Kobe akakunja kitambaa chake akaenda nyumbani.

Mwaka ukazunguka. Maonyesho yalipokaribia, Bi Kobe akajikokota hadi kwa Nguchiro. Mnamjua Nguchiro: mwili kiganja, macho mepesi, akili nyingi.

"Hodi, mwanangu."

"Karibu, Bi Kobe. Shikamoo."

"Marahaba. Sikai sana. Nguvu za kwenda kwa Kiboko sina, na akili za kumshinda sina. Wewe unazo. Nirudishie bakuli langu."

Nguchiro akaweka mkono kifuani. "Bi Kobe, njoo maonyeshoni na kapu lako. Utarudi nalo."

Lakini kuna jambo hakumwambia. Nguchiro naye alikuwa na chombo kimoja, mrashi wa buluu aliorithi kwa bibi yake, ule wa kunyunyizia marashi harusini, wenye shingo ndefu nyembamba. Siku tatu kabla ya Bi Kobe kupiga hodi, alikuwa anauosha. Ti. Shingo ikabaki mkononi. Hakumwambia mtu. Ukoo wao wote ni wavunja mayai, nani angemhurumia? Wangemcheka mpaka mbavu ziwaume.

Basi Bi Kobe alipoondoka, Nguchiro akachukua utomvu wa fenesi akaigandisha shingo pale pale ilipovunjikia. Ukiutazama, mzima. Halafu akapaka mafuta mwili wote wa mrashi, kuanzia kitakoni mpaka begani, ukateleza kama sabuni. Shingo akaiacha kavu.

Siku ya maonyesho akasimama kwenye meza yake akipaza sauti. "Huu tazameni kwa macho. Huu simwazimi mtu."

Kiboko akasikia. Di, di, di.

"Weka nishike."

"Mzee, huu ni wa bibi yangu."

"Weka."

"Mzee, mikono yako mikubwa."

"Weka."

"Haya, jamani, mmeona wote. Naweka, naondoa mkono."

Kiboko akashika kitako, kikateleza. Akashika ubavu, ukateleza. Akaishika shingo kwa vidole viwili, polepole, kama mtu anayeokota kifaranga. Akainua.

Ti. Chwaa!

Nguchiro akajitupa chini, akagaagaa, akajipaka vumbi kichwani. "Bibi yangu miye! Bibi yangu umekufa mara ya pili!"

Chekeni. Mimi pia hapa hucheka, kila mara, na kila mara najionea haya baadaye.

"Nimeshika taratibu," Kiboko akasema. Jasho lilimtoka. "Jamani, nimeshika taratibu sana."

Na kweli alishika taratibu. Hakuna aliyemsadiki.

Wakaandamana wote hadi kwenye meza ndefu. Bi Kobe alikuwa mbele, kapu wazi, ndani ametandika pamba. Nguchiro akapita chupa ya Pimbi, akapita bilauri ya Digidigi, akafika kwenye bakuli la kijani. Akalinyanyua. Jua likapita ndani yake, rangi ikammwagikia kifuani. Hakuwahi kushika kitu kizuri namna ile.

"Nimechagua hili," akasema.

Watu wakapiga makofi. Bi Kobe akasogeza kapu. "Mungu akuweke, mwanangu. Weka humu."

Nguchiro hakuweka. Alitazama pembeni. "Bi Kobe, siku ile nakuahidi nilikuwa bado na mrashi wangu. Leo sina kitu. Na mimi ndiye niliyevunjiwa."

Uongo mtupu. Na Bi Kobe akauamini, hilo ndilo linaloniumiza. Angebisha, angelia, ningepata pa kupumulia. Alisema, "Kweli, mwanangu. Pole sana kwa mrashi wa bibi yako." Akafunga kapu lake.

Kiboko hakulala vizuri mwaka ule. Aibu ilimkondesha mpaka mikunjo ya shingo ikalegea. Maonyesho yaliyofuata alikuja mapema, kichwa chini. Di, di, di, mpaka kwa Pimbi. "Niliazima. Narudisha." Di, di, di, mpaka kwa Digidigi. "Niliazima. Narudisha." Alirudisha vyote, kimoja kimoja. Alipofika kwa Bi Kobe alisimama mikono mitupu, akasema, "Mama, chako sinacho," na machozi yakamtoka.

Chake kilikuwa meza ya pili, kwa Nguchiro, juu ya kitambaa kipya.

Bi Kobe akaja taratibu. "Nguchiro, mwanangu, naomba kushika."

Nguchiro akaliweka, akaondoa mkono. Bi Kobe akalichukua, akalifuta kwa ncha ya ushungi wake, akaliinua juani akatafuta kitu ndani ya kioo. Palikuwa na povu moja dogo la hewa, karibu na ukingo. "Marehemu alikuwa anasema hii ni pumzi ya fundi," akasema. Akalitazama sana. Kisha akalirudisha kitambaani, akaondoa mkono. "Ahsante. Umelitunza."

Nguchiro akafungua mdomo aseme, "Chukua, ni lako." Alitaka kusema hivyo, jamani, ulimi ulikuwa umeshafika. Kilichotoka ni, "Karibu tena, Bi Kobe."

Akamtazama akienda, hatua kwa hatua, na mwendo wa kobe mnaujua, unachukua muda mrefu. Angeweza kumwita wakati wote ule.

Hadithi yangu imeishia hapo. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chungu, iacheni hapo mlangoni, nitaifagia.

Na funzo lake, kwa kuwa najua mtaniuliza: mrashi hushikwa kitako, haushikwi shingo. Ndiyo, nimesikia, kitako kilikuwa na mafuta. Funzo ni hilo hilo. Mnataka lipi lingine? Inukeni mkaoshe vyombo.