Pimbi na Njuga za Dubu Mweupe

— Paukwa!
— Pakawa!
— Pakawa na nini?
— Pakawa na baridi!
— Baridi ya namna gani?
— Ya kugandisha mate mdomoni!

Haya, jikunyateni vizuri, maana leo nawapeleka mbali. Na wewe Machano, ukianza maswali yako ya alifikaje na alipanda nini, nakutoa nje. Ngano haina pasipoti.

Hapo kale alikuwako Pimbi. Pimbi mnamjua? Mnyama mdogo, mnene kiasi, mkia hana, meno anayo. Anakaa majabalini, na kazi yake ni kuota jua asubuhi na kujisifu. Neno lake lilikuwa moja tu. Akiona mvua: "Haitanishinda!" Akiona chui: "Hatanishinda!" Akiona kilima: "Hakitanishinda!" Majirani walikwishamchoka.

Siku moja akapita Korongo angani anapiga mbiu: "Safari! Safari ya kutwa! Kwenda asubuhi, kurudi jioni! Nchi ya barafu, kwa Dubu Mweupe! Mtavua samaki mkiwa mmekaa juu ya maji magumu! Ndoo ipo, chambo kipo, kiongozi yupo!"

Wanyama wakacheka mpaka wakashika mbavu. Maji magumu! Tangu lini?

"Nakwenda mimi," akasema Pimbi. "Nyinyi washeni moto tu. Jioni nakuleteeni samaki."

"Na hayo maji magumu?"

"Hayatanishinda!"

Akavaa sweta, akavaa sweta juu ya sweta, akavaa na la tatu, akaenda. Akafika.

Lo! Kule, ndugu zangu, hakuna hata jani la kufukuzia nzi. Chini kweupe, juu kweupe. Jua lenyewe lilichungulia, likaona baridi, likakaa chini chini huko mbali. Na katikati ya weupe ule amesimama Dubu, mweupe naye, mkubwa kama banda la ng'ombe, anachekelea.

"Mgeni njoo, mwenyeji ashibe!" akanguruma.

Pimbi sikio likamsimama. Kwao husemwa mwenyeji *apone*. Ashibe tena? Ashibe nini? Akaliweka neno lile moyoni, akapanda sleji.

Sleji ni mkokoteni usio na magurudumu. Unateleza tu juu ya barafu, na unavutwa na mbwa, na mbwa wale walivishwa njuga shingoni. Wakikimbia, njuga zinalia: nji! nji! nji! Ungedhani harusi inapita. Ila mbwa wenyewe wamekonda, mbavu nje nje. Dubu akatangulia kwa miguu kuwaonyesha njia, naye Pimbi akapata nafasi ya kusemezana na Mbwa Mzee, aliyefungwa karibu naye.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Umekuja peke yako?"

"Peke yangu."

"Na Kanga wa juzi alikuja peke yake."

"Kanga alivua samaki wangapi?"

"Hakuvua." Mbwa Mzee akamtazama Dubu kule mbele, akashusha sauti. "Sikiliza, mwanangu. Sheria ya Dubu ni hii. Jioni, ndoo ya mgeni ikiwa imejaa, mgeni anarudi kwao. Ikiwa tupu, mgeni ndiye chakula cha jioni. Na tangu nianze kuvuta sleji hii, sijaona ndoo ya mgeni iliyojaa. Samaki anakula yeye, wageni anakula yeye, sisi anatuachia miba. Kwa Kanga alituachia manyoya."

Moyo wa Pimbi ukapiga pa! Jioni aliyoahidi kuleta samaki, kumbe ndiye samaki mwenyewe!

"Haitanishinda," akasema. Lakini safari hii aliisema polepole.

Wakafika penye barafu ya kuvulia. Watu wa huko hutoboa barafu kwa keekee ndefu. Dubu yeye hana haja ya keekee. Akainua ngumi: gudu! gudu! chubwi! Tundu hilo, na maji meusi chini yake.

"Hili langu!" akasema Dubu.

Akasogea kidogo. Gudu! gudu! chubwi! "Na hili langu!"

Akasogea tena. Gudu! gudu! chubwi! "Na hili langu!"

"Na langu mimi ni lipi, mwenyeji wangu?" akauliza Pimbi kwa adabu.

"Lako? Barafu ya nani hii? Matundu yote yangu, na samaki ni wa mwenye tundu. Wewe una ndoo. Ikalie."

"Sasa ndoo yangu itajaaje?"

"Hilo," akasema Dubu, akilamba mdomo, "tutaliona jioni."

Pimbi akageuza ndoo, akaikalia. Alitii. Akatazama tundu la kwanza lililokuwa pale miguuni pake, akaona maji yameanza kuota utando, kama maziwa yaliyoepuliwa.

"Mwenyeji, mbona hili linafumba jicho?"

"Linaganda. Huku tundu halilali peke yake, lazima uliopoe barafu kila mara." Dubu akatoa kijiko kikubwa chenye matundu, kile kile cha kuopolea maandazi kwenye mafuta. "Usipoopoa, linaziba. Na tundu likishaziba limekufa, halina mwenyewe. Atakayelifufua ndiye mwenyewe. Ndiyo sheria ya barafu, tumeikuta kwa babu zetu."

"Halina mwenyewe kabisa?"

"Kabisa! Lakini yangu mimi hayafi." Akajipiga kifua.

Hapo Pimbi akaona mlango. Mdogo, lakini na yeye ni mdogo.

"Nisamehe, bwana mkubwa," akasema. "Nashangaa tu. Mtu wa kimo chako, matundu haya matatu? Kwetu hata Kenge ana mashimo mengi kuliko haya."

"Kenge ni nani?" Dubu akafura. "Kenge ni nani, nakuuliza!" Gudu! gudu! chubwi! Gudu! gudu! chubwi! Akatoboa kushoto mpaka mbali, akatoboa kulia mpaka mbali, barafu yote ikawa kama chujio la tui. "Haya! Kenge wako ana haya?"

"Hana, bwana. Nimekoma."

Dubu akasimika kijiti penye kila tundu, akateremsha uzi wenye chambo. Halafu akamgeukia Pimbi. "Wavue mbwa njuga. Funga njuga kila kijiti, nisikie samaki akidonoa. Usiache hata kimoja! Na mtu asiguse uzi wangu. Njuga ikilia, nakuja mwenyewe."

"Ndiyo, bwana."

Pimbi akafanya kama alivyoambiwa. Akawavua mbwa njuga, akafunga kila kijiti, hakuacha hata kimoja. Ila na yeye alizidisha kidogo. Njuga zote za kushoto akazipitisha uzi mmoja mrefu aliofumua kwenye pindo la sweta lake, na ncha yake akaifunga kwenye kidole cha mguu wa kushoto. Njuga zote za kulia akazipitisha uzi mwingine, ncha yake kidole cha mguu wa kulia. Uzi mweupe juu ya barafu nyeupe, nani atauona? Kisha akarudi kwenye ndoo yake, akakaa, mtoto mtiifu.

Akachezesha kidole cha kushoto.

Nji! nji! nji!

"Ni wangu huyo!" Dubu huyoo mbio kushoto, gudu gudu gudu gudu! Akavuta uzi: mtupu. "Ameponyoka!"

Pimbi akachezesha kidole cha kulia.

Nji! nji! nji!

"Ni wangu huyo!" Dubu huyoo mbio kulia, gudu gudu gudu gudu! Akavuta uzi: mtupu. "Ameponyoka!"

Kushoto! Nji! nji! nji! "Ni wangu huyo!" Gudu gudu gudu gudu! Mtupu. Kulia! Nji! nji! nji! "Ni wangu huyo!" Gudu gudu gudu gudu! Mtupu. Kila akipita anachota barafu kwa kijiko chake, chota huku, chota kule, na akimaliza huku, kule kumeziba. Mshika mawili moja humponyoka, wazee walisema. Hawakumjua aliyeshika barafu nzima.

"Nikusaidie, mwenyeji wangu?" akauliza Pimbi.

"Thubutu!" akafoka Dubu, anahema. "Unataka kuniibia!"

Na lile tundu la kwanza, la pale miguuni pa Pimbi, je? Dubu alilisahau. Likaota utando, utando ukawa ganda, ganda likawa jiwe.

"Mwenyeji!" akaita Pimbi. Maana yeye hakuwa mwizi. "Hili la hapa linakufa!"

"Nakuja!"

Nji! nji! nji!

"Ni wangu huyo!" Gudu gudu gudu gudu! Hakuja.

Pimbi akagonga kwa ukucha: ko! ko! ko! Limekufa, limezikwa. Akainama, akatumia meno yake: ka! ka! ka! Barafu ikapasuka, maji yakachungulia. Tundu limefufuka, na mwenyewe ni yeye. Akateremsha uzi wake, na chambo alichopewa kwa safari.

Sasa fikirini nyinyi wenyewe. Huko chini samaki wanasikia kishindo darini kwao, gudu gudu kushoto, gudu gudu kulia, nyumba inataka kuwaangukia. Wakimbilie wapi? Penye kimya. Na kimya kilikuwa wapi? Kwa Pimbi! Wakaja wote, wanene, matumbo mekundu, wanasukumana mlangoni. Pimbi akavuta: pu! Akavuta: pu! Akavuta: pu! Mikono inavuta samaki, vidole vya miguu vinamchezesha Dubu. Ndoo ameigeuza tena, imejaa mpaka ukingoni, na bado wanakuja. Waliozidi akawarushia mbwa, mmoja mmoja, wazima, na vichwa vyao. Mbwa Mzee alipompata wa kwake alimtazama kwanza, hakuamini.

"Na mwiba wake ni wangu?"

"Na nyama yake, babu."

Mbwa Mzee akala huku machozi yanamtoka, yakaganda mashavuni.

Jua likaanza kuondoka. Pimbi akapakia ndoo kwenye sleji, akaikalia juu yake. Dubu naye akaja anajikokota, ulimi nje, kijiko kimepinda. Matundu yake yote yamekufa. Tumboni hana hata dagaa. Akaiona ndoo.

"Leta hiyo."

"Imejaa, mwenyeji wangu. Sheria yako, ndoo ikijaa mgeni anarudi kwao."

"Sheria niliiweka mimi, na mimi naiondoa. Nitakula samaki. Kisha nitakula wewe. Kisha nitalala."

Akasogea. Kivuli chake kikamfunika Pimbi na ndoo na sleji nzima. Hapo Pimbi aliogopa, sikufichi. Masweta matatu, na bado alitetemeka. Alifikiria majirani wamekaa kando ya moto wanamngoja, na kesho Korongo anapita tena na mbiu yake, nani atawaambia? Neno lake la siku zote likamkwama kooni.

Lakini kidole cha mguu hakikukwama. Akakichezesha cha kushoto.

Nji... nji.

Dubu sikio likainuka. "Si kitu," akasema.

Nji! nji! nji!

"Huyo mkubwa, bwana," akanong'ona Pimbi. "Huyo ni baba yao. Mimi nipo tu, sikimbii popote. Lakini huyo akiponyoka..."

Dubu akamtazama Pimbi. Akatazama matundu. Akamtazama Pimbi. Nji! nji! nji! nji! Maskini, angefanyaje?

"Usisogee hapo!"

"Sisogei, bwana."

"Ni wangu huyooo!" Gudu gudu gudu gudu!

Na kweli Pimbi hakusogea. Alikaa pale pale juu ya ndoo yake, kama alivyoambiwa. Waliosogea ni mbwa. Wameshiba, wana nguvu, na njuga shingoni hawana! Sleji ikateleza fyuuu, hakuna aliyesikia. Kadiri ilivyokwenda ndivyo nyuzi zilivyovutwa, ndivyo njuga zilivyolia nyuma yao, kushoto na kulia kwa pamoja, na Dubu katikati anazunguka kama pia: "Ni wangu! Ni wangu! Na huyo ni wangu!" Walipofika mbali Pimbi akainama, akakata nyuzi kwa meno, ka! ka!

Nyuma kukawa kimya.

"Hakunishinda!" akapiga kelele Pimbi, mpaka barafu ikaitikia.

Pimbi akafika kwao jioni ile ile, na moto wa majirani haukungoja tena. Samaki walichomwa, wakaliwa, vidole vikalambwa. Mbwa nao wakapewa sehemu jikoni, wakapaona pana joto. Mpaka leo hawajatoka.

Sasa funzo. Msinikodolee macho, ngano lazima iwe na funzo. Funzo la kwanza: mtii kiongozi wako wa safari. Pimbi aliambiwa akae, akakaa. Aliambiwa afunge njuga, akafunga. Aliambiwa asisogee, hakusogea. Utii una faida, mmeona wenyewe. Funzo la pili: msiwe wavivu kama Pimbi, kutwa kucheza na vidole vya miguu. Fanyeni bidii kama Dubu. Siku ile hakuna aliyefanya kazi kumshinda.

Nini, Machano? "Lakini Dubu alilala njaa"? Nilikwambia usiulize.

Ngano yangu nimeivua, ndoo yangu imejaa. Penye mnofu kuleni, penye miba nirudishieni. Na wewe mwenye maswali, amka ukanitilie chai, na uniletee hapa hapa. Mimi sisogei.