Mafuta ya Pilipili

Mzee Kitunzi, tajiri aliyempokonya Bi Saumu mbuzi kwa kosa la mbuzi huyo kuonja mchicha wa bustanini kwake, alikazwa na misuli ya mgongo. Akabebwa juu ya kitanda chake mpaka kwa Bi Saumu huyohuyo, maana ndiye mchuaji.

“Nichue upesi, la sivyo utahama hapa!”

Akamchua kwa mafuta ya pilipili. Misuli ikalegea, ngozi ikawaka moto.

“Nakufa! Nipoze!”

“Labda maziwa ya mbuzi aliyezoea kula pilipili zangu, bwana. Yuko zizini kwako.”

Aliyeletwa kwa kubebwa akatoka mbio, akarudi akimburura mbuzi.

Bi Saumu akamfunga mbuzi wake kwanza. Kisha akateremsha chupa ya mafuta ya nazi kabatini, akampaka mzee mgongoni.

“Kumbe hayo nayo yanapoza?”

“Yanapoza sana, bwana. Ila hayarudishi mbuzi.”