Hita Iliyomnyamazia Fundi

Katika nyumba ya Bi Ruba, mtaa wa Ansab, hita ya maji ilianza kulia siku chache baada ya arubaini ya kuzaliwa kwa mwanawe, Badr. Kwanza ilinguruma kama tumbo lenye njaa. Kisha ikagonga, ta! ta! ta!, kama mtu aliyefungiwa ndani ya pipa la chuma. Ilitundikwa bafuni, na nyuma ya ukuta ule ndipo kilipokuwa kitanda cha mtoto.

Ruba alikuwa na stashahada ya maabara, watoto watatu, na ulimi usiojua kupinda kona. "Safwan, kitu hichi kitatuua," alimwambia mumewe.

Safwan, mhandisi wa barabara, alicheka. "Chumvi tu hiyo, mama watoto. Imeganda chini, ikipata moto inapasuka kama bisi."

Ruba hakungoja kubishana. Alikihamishia kitanda cha Badr sebuleni, akamwita fundi Hatem. Fundi alifungulia maji ya moto, akatega sikio. Kimya; hita ilitulia kama maji mtungini. Akakomba chumvi konzi mbili, akaenda zake. Jioni ile ile, ta! ta! ta! Akarudi, akabadilisha koili ya kuchemshia maji. Kesho yake mlio ulimshtua Badr hadi sebuleni.

"Hatem akija inajifanya bubu," Ruba alifoka. "Akitoka tu, inanitukana!"

Nyamizi, mwanamke wa Tabora aliyefanya kazi humo nyumbani miaka minne, alikuwa akikunja nguo za mtoto. "Mama, mimi naona..."

"Si sasa, Nyamizi."

Ilikuwa mara ya tatu kumkata kauli.

Hatem alipokuja tena, wanaume wawili walibishana mlangoni mwa bafu. Safwan alitaka hita mpya. Fundi aliilaumu pampu ya juu ya paa. Ruba akageuka, akamwona Nyamizi amesimama na ufagio, midomo ameibana kama mtu aliyekatazwa kupiga chafya.

"Haya, sema wewe. Hawa wamenichosha."

"Mama, fundi kila akija anafungulia maji ya moto kwanza. Hita ikitolewa maji inanyamaza hapo hapo. Nimeijaribu mara nyingi."

Safwan alitabasamu. "Mabomba umesomea wapi, Nyamizi?"

"Sijasomea, baba. Ila ndoo ya chini ya hita naimwaga mimi. Kila siku ilikuwa inapata maji, nusu kikombe hivi. Tangu siku ya arubaini haijapata hata tone. Yale maji yameenda wapi?"

Hatem aliinama, akapapasa kijibomba cha chini. Vidole vyake vikakwama kwenye kizibo cha mpira kilichozungushiwa utepe.

"Nani kaziba hapa?"

Masikio ya Safwan yaliiva. "Wageni walikuwa wanakuja," alisema kwa sauti ndogo. "Ndoo ya kudondokea maji, mbele ya shangazi zangu..."

"Ya Rabbi!" Hatem alimaka. "Hapa ndipo hita inapopumulia! Maji yakipata moto yanatanuka. Yasipopata pa kutokea, chuma ndicho kitakachopasuka!"

Hajamaliza, Ruba ameshazima swichi. Hatem alijibanza kando, akakichomoa kizibo kwa koleo. Maji yaliruka yakapiga vigae vya ukuta wa pili, na mvuke ukajaa bafu zima. Hakuna aliyecheka.

Fundi alifunga vali mpya ya usalama, ya kutolea maji yanayozidi, akawasha, na safari hii hakugusa bomba lolote. Saa nzima ilipita. Wote walimtazama Nyamizi, naye akaweka sikio karibu na hita kama mkunga anayesikiliza tumbo la mzazi.

"Imepona," alisema. Hatem akaanza kukusanya vyombo vyake. Hakutaka ushahidi mwingine.

"Mara tatu nimekufunga mdomo," Ruba alimwambia Nyamizi. "Nisamehe. Umemwokoa mwanangu."

"Yameisha, mama."

Kisha Ruba akamgeukia mumewe. "Shangazi zako wakija, ndoo wataiona. Wakiuliza, utawajibu wewe."

Mhandisi alikuwa na vitabu, fundi alikuwa na vyombo, na wote wawili walikuja na kuondoka. Aliyeishi na hita ile asubuhi na jioni alikuwa Nyamizi peke yake. Hakika, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.