Jiwe, Kamba na Ndoo

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa bado na nyumba zao, wakipika na kualikana harusini, nchi ya Mwambani ilikauka. Mito ikabaki mchanga mtupu. Kikabaki kisima kimoja tu. Sogeeni karibu, maana kisa hiki hata leo nikikisimulia mwili unanisisimka.

Kisima hicho kilifunikwa kwa jiwe kubwa. Ili uteke maji, ilibidi jiwe lisukumwe, kamba ishuke na ndoo izame. Na vyote vitatu vilikuwa vya Simba. Jiwe alilisukuma yeye, kamba alijifunga kiunoni, na ndoo aliifanya mto wa kulalia. Aliyempendeza alikunywa. Asiyempendeza alilamba midomo.

Siku moja Bi Paa, mwenye mtoto mmoja tu aitwaye Tunu, alishindwa kujizuia.

"Jamani, mbona mfalme anaoga na watoto wetu hawajanywa?"

Lo! Hakumaliza hata kufumba mdomo.

"Ngurrrr! Nani kasema? Sikilizeni sheria mpya: anayelalamika hanywi maji, yeye wala mwanawe!"

"Lakini baba," Bi Paa akasihi, "mimi nimesema kabla ya hiyo sheria."

"Sheria nimeitunga mimi! Mshtaki ni mimi, hakimu ni mimi, na nimekuona una hatia. Ukibisha, wa kukula pia ni mimi!"

Nani angebisha hapo? Tembo, na mwili wote ule, akatazama pembeni. Kifaru akajikuna sikio ambalo halikuwa likimuwasha.

Bi Paa akambeba Tunu, midomo imempasuka, akaenda kwa shoga yake Pimbi anayekaa kwenye nyufa za mwamba. Pimbi mnamjua. Anaenea ndani ya kikapu cha sokoni, lakini sauti yake! Akipiga kelele, mwamba wote unaitikia.

"Shoga, mwanangu anakufa nikimwona," Bi Paa akalia.

Pimbi akamtazama yule mtoto. Hakutania siku hiyo, na si kawaida yake.

"Futa machozi. Niletee ule mtungi wako uliotoboka."

"Mtungi usioshika maji utatufaa nini?"

"Utashika sauti, shoga yangu. Ulete tu."

Mchana Simba akiwa amelala chali, Pimbi akajipenyeza ndani kabisa ya ufa, akaingiza kichwa kwenye mtungi, akavuta pumzi.

"NGUUUURRRRR!"

Mwamba ukaitikia: rrrrr! rrrrr! Simba akaruka juu, ndoo ikabingirika, kolong'o kolong'o!

"Nani huyo anayenguruma kwa sauti yangu?"

Pimbi akatokea tundu la pili, mbio mbio, akihema.

"Shikamoo, baba!"

"Marahaba. Umesikia?"

"Nimesikia, ndiyo maana nimekuja mbio. Baba, watu wanasema Fisi amepata ngozi ya simba, na sasa anajifunza kunguruma. Mimi sijui, nayasikia tu."

"Anataka nini?"

"Wewe ungekuwa mwizi ungetaka nini? Jiwe, kamba na ndoo viko mahali pamoja. Siku umekwenda kuwinda, akija hapa akasema, 'Mimi ndiye Simba,' nani atambishia? Si umetufundisha tusikubishie?"

Simba akaikimbilia ndoo, akaikumbatia. Wenye nguvu, wanangu, nao wana hofu yao: wanamwogopa mwenye nguvu mwingine.

"Sasa nifanyeje?"

"Mimi mdogo hivi nitajua wapi, baba? Ila sisi wa mwambani akiba yetu hatuiweki tundu moja."

Simba akakuna ndevu. Wazo likamwingia polepole, akadhani ni lake.

"Nitavigawa!" akapaza sauti.

"Loo! Akili hiyo, baba! Hebu nikae chini."

Basi wakapanga. Kamba ikabaki kwa Simba, mwenye misuli ya kuvuta. Jiwe likawa la wanyama wote, walisukume pale tu wanapokubaliana barazani. Ikabaki ndoo.

"Ndoo mpe Mama Kakakuona," Pimbi akasema. "Asikilize kila mwenye ugomvi, pande zote mbili, ndipo aitoe."

"Kwa nini yeye?"

"Kwa sababu hatishiki. Akitishwa anajikunja, magamba nje. Hata wewe baba, mwaka ule ulipojaribu—"

"Usinikumbushe!" Simba akapapasa jino lake lililovunjika.

Mkutano ukaitwa. Simba akasimama juu ya kichuguu.

"Sikilizeni! Tangu leo asiwepo mtu wa kushika jiwe, kamba na ndoo peke yake! Akija mtu akanguruma kama mimi, akatikisa manyoya kama mimi, mkatalieni!"

Pimbi akainua mkono. "Na kama kweli ni wewe, baba?"

"Hata nikiwa mimi! Mtatutofautishaje?"

"Na huyo mwizi akisema sheria hii imefutwa?"

"Haifutwi kwa mngurumo wa mtu mmoja! Itafutwa hapa hapa uwanjani, mchana, wote mkikubali!"

"Basi tuape, baba, ili Fisi akome."

Desturi ya Mwambani ilikuwa kuapa kwa kukwaruza jiwe la kisima. Mwenye kwato alikwaruza kwa kwato, mwenye kucha kwa kucha. Simba akakwaruza wa kwanza, kwa nguvu zote, kwaaaruu! Mfereji wa kucha zake ukabaki pale.

Kesho yake Bi Paa akaenda kwa Mama Kakakuona na mtoto mgongoni. Simba alipoitwa ajieleze, akatuma jibu: "Nilimkataza, basi."

"Sheria ya kutolalamika ilitungwa lini?" Mama Kakakuona akauliza.

"Baada ya mimi kusema."

"Basi hukuivunja. Nani anavunja chungu ambacho hakijafinyangwa? Chukua ndoo, mwanangu, umnyweshe mtoto."

Wanyama wakakubaliana, wakaweka mabega kwenye jiwe. "Haya twende! Haya tena!" Jiwe likaanza kusogea, grruu.

Hapo Simba akafika na kamba yake kiunoni.

"Acheni! Nilisema Paa hanywi! Rudisheni jiwe, nipeni na hiyo ndoo. Mimi ni Simba!"

Lakini yule Tembo aliyetazama pembeni juzi, safari hii akamtazama mfalme usoni.

"Hivyo ndivyo atakavyosema Fisi, baba."

"Mimi siyo Fisi!"

"Hata ukiwa wewe, baba. Ulisema mwenyewe."

"NGURRRRRR!"

Mama Kakakuona akainyakua ndoo, akajikunja nayo tumboni, chap! Wengine wakafumba macho na mabega yao hayakutoka kwenye jiwe. Hakukimbia hata mmoja. Walitetemeka wote, lakini walitetemeka wakiwa pamoja.

Simba akasimama peke yake na kamba yake. Kamba bila ndoo inateka nini? Na yeye pia alikuwa na kiu. Akatazama jiwe, akaziona alama za kucha zake mwenyewe pale alipoapa.

Kisha akafungua kamba kiunoni.

"Leteni ndoo," akasema, kwa sauti ambayo hawajawahi kuisikia.

Wanangu, mfalme wa nyika akashusha kamba kisimani, akavuta, akavuta, misuli imemtoka, na maji ya kwanza akamwekea Tunu, mtoto wa paa! Tunu akanywa, gubu, gubu, gubu. Bi Paa akalia kwa sauti. Kifaru akalia. Mimi mwenyewe hapa nalengwalengwa na machozi. Naambiwa hata ng'ambo, Marekani, watu waliwahi kumkataa mfalme, kisha wakagawa madaraka: huyu atunge sheria, huyu aitekeleze, huyu aamue kesi. Nilipoambiwa hivyo nilishika kidevu nikawaza kile kisima.

Pimbi furaha ikamzidi. Akasahau. Akatumbukiza kichwa kwenye mtungi akashangilia:

"NGUUUURRRRR!"

Ala! Simba akageuka.

"Kumbe ni wewe!"

Akaruka mara moja, mguu wa mbele juu, kucha nje, na chini yake Pimbi, amejikunyata, mtungi kichwani.

Mguu ukabaki hewani. Kisha, polepole, ukashuka chini kwenye vumbi.

"Kesho asubuhi," Simba akasema, akihema, "kwa Mama Kakakuona. Nakushtaki kwa uongo."

"Nitakuja, baba," Pimbi akajibu ndani ya mtungi.

Wanyama wakatazamana, midomo wazi. Jana angemla. Leo anamshtaki!

Na kesi ikasikilizwa, pande zote mbili. Pimbi alikutwa na hatia, akahukumiwa kusugua ndoo ya kisima mpaka mvua zinyeshe. Akasugua kweli, akinung'unika, "Sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma." Na kwa kuwa ile sheria ya kutolalamika wote walikwisha kuifuta uwanjani, mchana, hakuna aliyemnyima maji.

Mimi nimemaliza, kisima bado kipo. Shikeni hili: jiwe, kamba na ndoo visikae mkono mmoja, hata mkono huo ukiwa wa Simba.